Zana ya mtumba imegoma: uanzie wapi?

Zana kuukuu huugua maradhi manne tu: uchafu, kulegea, kuchakaa na kuvunjika. Randa inayotetemeka, jiliwa (kifaa cha kubania kazi mezani) linaloteleza, mota inayonguruma bila kuzunguka, zote ukizifuatilia zinaishia kwenye mojawapo. Ukiwa unatengeneza, fuata mpangilio huohuo: safisha kwanza, halafu kaza, halafu ndipo uulize nini kimelika. Ukiwa unanunua, geuza. Anza na kuvunjika, kwa sababu uchafu unakugharimu jasho tu, lakini ufa kwenye chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) hauna dawa ya uhakika.

Mimi nilianza kinyume. Jiliwa langu la kwanza lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu, linang'aa kama limetoka kiwandani jana, na pembeni yake palikuwa na jingine la kahawia tupu kwa kutu ambalo sikulitazama mara mbili. Siku ya tatu nimebana bomba, nikaongeza robo mzunguko, nikasikia "tak!" kavu, na taya la mbele likabaki mkononi mwangu. Chini ya rangi palikuwa na mstari wa manjano. Kuna mtu aliwahi kuliunga kwa shaba, akasawazisha kwa tupa, akapiga rangi, akaniuzia mbuzi kwenye gunia. Tangu siku hiyo rangi mpya kwenye zana ya zamani naihesabu kuwa dalili, tena ya kwanza.

Kabla hujalipa

Ufa una makazi yake. Kwenye jiliwa ni shingo ya taya na pembe za ule mfereji ambamo taya hutelezea. Kwenye randa ya chuma ni pande mbili za mdomo, yaani tundu ambamo kisu hutokeza. Kwenye mashine ya kusimama ni miguu na masikio yenye matundu ya bolti, kwa kuwa hayo ndiyo hupigwa chini wakati wa kuhamisha. Ukiwa na shaka, paka mafuta ya taa mahali hapo, subiri dakika chache, futa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Kinachofuata ni kilichopungua. Skrubu iliyopotea inaonekana jambo dogo mpaka ugundue kwamba thredi zake (ile mistari inayojiviringisha) hazifanani na za skrubu yoyote uliyonayo. Mashine nyingi za zamani za Uingereza zina thredi za Whitworth, mfumo uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambao pembe ya thredi ni nyuzi 55. Bolti za kimetriki za leo zina nyuzi 60. Nati ya leo inaweza kuingia mizunguko miwili ikakupa matumaini, kisha ikatafuna kila kitu. Kwa hiyo kipande kisichokuwepo kihesabu kuwa hakipatikani, hata muuzaji akuapie kwamba "hizo zimejaa kila mahali". Kama zimejaa, mbona hakuweka moja?

Kwa zana ya umeme, soma kibati cha mota kabla ya kitu kingine. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani itakuwa ya volti 120 na 60 Hz (Hz ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Ya Japani ni volti 100. Transfoma itakubadilishia volti lakini haigusi Hz, na mota ya induksheni (aina ya kawaida kwenye mashine za kusimama) ya 60 Hz ikiwekwa kwenye 50 Hz inapoteza sehemu moja ya sita ya mwendo wake na huelekea kupata moto. Drili na grenda za mkono zenye kaboni (vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani ya mota) hazijali sana Hz. Volti tu ziwe sawa. Ukiona alama 3~ hiyo ni mota ya fezi tatu. Kama umeme wako ni wa fezi moja utahitaji kigeuzi, na bei yake iingize kwenye hesabu kabla hujapeana mkono na muuzaji.

Zana nzima imeshika kutu

Kutu ya juu na mashimo ya kutu ni vitu viwili tofauti. Kwangua kwa ncha ya kisu. Ukitoka unga mwekundu na chini ukabaki uso laini wa kijivu, umeokota zana nzuri. Vikibaki vishimo kama makovu ya ndui, uliza viko wapi. Kwenye ubavu wa randa ni pambo. Kwenye mgongo bapa wa patasi, karibu na makali, ni hasara, kwa sababu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo utazaa mapengo kila unaponoa.

Vifaa vidogo huvilaza kwenye siki ya kawaida saa 12 hadi 24. Nasugua kwa brashi ya waya, nasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, nakausha kwa joto, napaka mafuta papo hapo. Papo hapo kweli, maana chuma kilichotoka kwenye asidi kinaweza kushika kutu mpya ya rangi ya chungwa wakati wewe umekwenda kutafuta kitambaa. Usisahau zana humo kwa wiki nzima. Siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Vitu vilivyopakwa zinki visiingie, kwani asidi itaivua zinki yote. Springi pia zikae mbali, maana asidi inaweza kuzifanya zikatike bila taarifa.

Vitu vikubwa nasafisha kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa cha soda ya kufulia kwa kila lita nne, na chaja ya betri ya volti 12. Upande hasi unashika zana, upande chanya unashika kipande cha chuma chakavu. Ukigeuza, zana yako ndiyo italiwa. Chuma hicho chakavu kisiwe cha stenlesi, maana hutia kromu yenye sumu ndani ya maji. Aluminiamu isiingie kabisa. Mapovu utakayoyaona ni haidrojeni, nayo hulipuka, kwa hiyo fanyia nje na uzime chaja kabla ya kugusa waya. Chaja za kisasa zinazojipima huenda zikakataa kuwaka. Ile ya kizamani isiyo na akili ndiyo inayofaa hapa.

Rangi ya zamani kwenye mashine inaweza kuwa na risasi. Usiipige msasa ikiwa kavu wala usiichome kwa moto. Ilowanishe, ikwangue, kusanya mabaki yake.

Nati au skrubu imekataa kufunguka

Kabla ya kutafuta bomba la kurefusha spana, jiulize kama unazungusha upande sahihi. Grenda ya mezani yenye mawe mawili ina thredi za kawaida upande wa kulia na thredi za kinyume upande wa kushoto, ili jiwe lisijifungue likiwa kazini. Wengi wameharibu shafti kwa kukaza walichodhani wanakifungua.

Kama upande ni sahihi, weka mafuta ya kupenya kisha uwe na subira ya usiku mmoja. Mchanganyiko wa nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki na nusu asetoni unapenya vizuri, ila asetoni inawaka upesi, kwa hiyo pasiwe na moto karibu. Asubuhi gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo, halafu anza kwa kukaza kidogo, si kufungua. Ule mkazo mdogo unavunja kutu. Ikikataa bado, futa mafuta yote na upashe moto nati, si bolti, ili nati itanuke. Iache ipoe, rudia mara mbili tatu.

Kwa skrubu za mfereji, kosa huwa kwenye bisibisi. Ncha iliyo nyembamba au fupi kuliko mfereji itaumega. Chukua bisibisi ya bei ndogo, ipige tupa mpaka ncha yake ijaze mfereji kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Randa inatetemeka, inararua au inajaa maranda

Hapa ndipo watu hutupa zana nzima. Randa niliyo nayo mpaka leo niliipata kwa sababu mwenyewe alisema imekufa. Kila alipoisukuma ilitoa mlio wa "trrr", ikaacha mbao ina mawimbi kama bati. Niligeuza, nikalegeza bana inayoshika kisu, nikakitoa, na nyuma yake nikakuta kigaga cha utomvu na vumbi la mbao kilichogandamana kuwa kigumu kama gundi. Kisu kilikuwa kimekalia kigaga hicho badala ya kukalia chuma. Kukwangua kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kutetemeka, basi, maana yake kisu hakijashikwa imara. Fuata mpangilio: je, chini ya kisu pana uchafu? Je, kile kitako kinachobeba kisu kimelegea? Je, bana ya juu imekazwa vya kutosha? Mwisho ndipo ufikirie kwamba kisu ni butu au umekitokeza mno.

Kujaa maranda mdomoni kuna sababu moja karibu kila mara. Kile kipande cha chuma kinachofungwa juu ya kisu hakijalala vizuri. Vishikanishe viwili hivyo, viinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kati yao, hata uzi mwembamba, maranda yataingia humo na kukwama. Piga msasa ukingo wa kipande cha juu mpaka mwanga ukatike.

Kuraruka kwa nyuzi za mbao ni habari nyingine. Kwanza geuza ubao. Huenda unakwenda kinyume cha nyuzi. Halafu noa. Halafu sogeza kile kipande cha juu karibu na makali: milimita moja inatosha kwa kazi ya kawaida, lakini kwa mbao korofi nashuka mpaka robo ya milimita na kula maranda membamba.

Ikiwa randa inakata mwanzo na mwisho wa ubao tu, au katikati tu, shuku tako lake, yaani uso wa chini. Bandika msasa juu ya kioo kinene, chora mistari ya kalamu ya wino kwenye tako zima, rudisha kisu ndani bila kulegeza bana, kisha sugua mara kumi. Wino utakuambia. Unataka ufutike sehemu tatu: mbele kabisa, mbele tu ya mdomo, na nyuma kabisa. Bonde dogo kati ya hizo halina madhara, na anayesugua mpaka tako zima ling'ae anafanya hivyo kwa ajili ya picha.

Patasi haishiki makali

Ikinoleka vizuri kisha ikafa baada ya mapigo machache, tazama rangi karibu na makali. Buluu au zambarau inasema kuna aliyeinoa kwa grenda bila maji. Chuma hufikia rangi ya buluu kwenye takribani nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo ugumu wake umeshapungua sana. Mara nyingi ni milimita chache za mwisho tu zilizoungua. Saga taratibu, ukichovya kwenye maji kila baada ya mguso mmoja au miwili, mpaka uvuke buluu yote.

Rangi inaweza kuwa ilishasafishwa, kwa hiyo jaribu tupa pia. Ikiteleza au ikiuma kwa shida, chuma ni kizima. Ikila kama inavyokula msumari, hakuna ugumu. Kwa feleji ya kawaida ya kaboni unaweza kuurudisha: pasha moto ncha mpaka sumaku iache kunasa (kama nyuzi 770), zidisha kidogo, tumbukiza kwenye mafuta, kisha oka kwenye nyuzi 200 hivi kwa saa moja ili isivunjike kama kioo. Mafuta yanaweza kushika moto, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, na mfuniko wa chuma uwe karibu.

Ikiwa chuma ni kizima lakini makali hayapatikani kabisa, tatizo ni mgongo. Watu husugua upande wenye mteremko saa nzima na kusahau kwamba ule upande bapa nao ni nusu ya makali. Ulaze kwenye jiwe la kunolea mpaka sentimita mbili za mwisho ziwe bapa na kung'aa. Ni kazi ya mara moja katika maisha ya patasi. Mteremko saga nyuzi 25, malizia makali kwa 30.

Msumeno unakwenda upande

Tazama ubapa kwa jicho moja kutoka kwenye mpini, kama unavyotazama ubao. Kupinda kwa upole kunanyooshwa kwa mikono. Kunjo kali ni la kuacha dukani. Ukiwa umenyooka lakini unavuta upande mmoja kila mara, meno ya upande huo yamepanuliwa zaidi, yaani yamepindwa zaidi kwenda nje. Pitisha jiwe la kunolea mara moja, kwa wepesi, ubavuni mwa meno hayo, jaribu tena. Ukikwama ndani ya mkato, meno yamekosa upana kabisa.

Jiliwa gumu, au linalocheza

Ugumu ni grisi. Baada ya miaka mingi inageuka nta, ikichanganyika na unga wa chuma. Zungusha mpaka taya litoke kabisa, osha skrubu kuu kwa mafuta ya taa, paka grisi mpya kidogo. Usijaze.

Mchezo ni jambo la kupima. Geuza mpini kushoto kisha kulia na uone unakwenda kiasi gani kabla taya halijaanza kusogea. Robo mzunguko unavumilika. Ukikaribia mzunguko mzima, kwanza tazama wosha na pini zinazoshika skrubu kuu kwa mbele, kwani mara nyingi hizo ndizo zilizolika. Zikiwa nzima, nati ya ndani imekwisha, na hapo unahitaji fundi wa kukereza.

Kichwa cha nyundo kinalegea

Kulowesha kwenye maji ni kujidanganya: mbao inavimba leo, kesho inakauka na kusinyaa zaidi ya mwanzo. Toa kabari, shusha kichwa, gonga kabari mpya, kisha lowesha mwisho wa mpini kwa mafuta ya kitani. Vitambaa ulivyofutia mafuta hayo usivikunje ukavirundika. Hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke.

Mashine za umeme

Waya kwanza. Mpira ukiwa umepasuka, badilisha kabla ya kuwasha hata mara moja. Kama ganda ni la chuma, hakikisha kwa mita kwamba pini ya ethi inashikana nalo.

*Kimya kabisa.* Plagi, waya pale unapoingilia kwenye mpini, swichi, kaboni. Kwa mpangilio huo. Kaboni iliyobaki milimita tano au pungufu badilisha, lakini kabla ya hapo ichomoe uone kama inateleza kwenye nyumba yake. Mara nyingi ni vumbi limeibana isiguse.

*Inanguruma lakini haizunguki.* Zima haraka, maana mota inaungua ikiwa hivyo. Chomoa, zungusha shafti kwa mkono. Ikigoma, beringi zimeshikana. Ikizunguka kwa wepesi, tatizo ni la kuwashia: kapasita (kikopo kinachohifadhi chaji) imekufa, au ile swichi ya ndani inayoachana kwa mwendo imejaa unga wa mbao. Puliza swichi kwanza, ni bure. Kapasita usiiguse kwa vidole hata kama umechomoa plagi. Iondoe chaji kwa kuipitisha kwenye balbu.

*Inatoa cheche.* Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida. Duara la moto linalozunguka yote ile silinda ya shaba inayoguswa na kaboni, pamoja na harufu kali, si kawaida. Safisha mifereji kati ya vipande vya shaba, weka kaboni mpya, iache izunguke bila kazi dakika kadhaa. Duara likibaki, huenda koili zimeungua, na kwa drili ndogo hapo mwisho wa safari.

*Inapiga kelele.* Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya ganda karibu na beringi na mpini wake kwenye sikio, mbali na mkanda. Beringi mbovu inasikika kama mchanga ndani ya kopo. Habari njema ni kwamba beringi ina namba iliyogongwa ubavuni, na namba hiyo ni moja dunia nzima: 6203 ni tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, awe ameitengeneza nani. Kwa mashine ya mbao chagua yenye herufi 2RS, yaani iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili.

*Drili ya kusimama inatikisika.* Toa mkanda, washa mota peke yake. Ikitulia, shuku mkanda kwanza. Mkanda uliokaa miaka umebanwa sehemu moja hushika umbo hilo na kupiga kila ukizunguka. Ikiwa mtikisiko uko kwenye biti, igeuze nusu mzunguko ndani ya kibanio. Kama upande unaoyumba umegeuka pamoja nayo, biti imepinda. Kama umebaki palepale, toa kibanio na usafishe ile koni yake na tundu inamoingia, kwani chembe moja ya kutu hapo inazaa mtikisiko wa kuonekana kwa macho.

Grenda ya mezani inakuja na mawe ya mtu mwingine, na hayo usiyaamini. Yatoe, ning'iniza kila moja kwenye kidole au kijiti, ligonge kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Jiwe zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti ya kufa, na likizunguka kwa kasi hupasuka vipande. Hata lililolia vizuri, hakikisha mwendo ulioandikwa juu yake haupungui ule wa mota, simama pembeni unapowasha, hesabu dakika nzima kabla ya kusogea mbele. Lile lenye ufa livunje kabisa kwa nyundo kabla ya kulitupa, asije mwingine akaliokota.